Wanaoanza: Jumanne na Alhamisi

3 Machi

Mwanangu,

Nimefika salama. Baba yako alinipokea stendi akanishika mkono kama mtu aliyebeba trei la mayai, na tangu hapo haniruhusu ninyanyue hata birika. Kidonda cha shingoni kinakauka. Daktari aliyenitoa ile tezi amesema koo lipumzike, nisiongee kwa muda, kwa hiyo usinipigie simu. Nitakuandikia. Mabasi ya asubuhi yanachukua barua, na wewe stendi ni njia yako ya kwenda kazini.

Najua darasa langu hukulitaka. Ulikubali pale wodini kwa sababu mgonjwa hakataliwi. Ahsante hivyo hivyo.

Sasa sikiliza. Wale wanafunzi wanaoanza ni watu wazima waliochoka. Wanaingia darasani wakitoka kazini, na wengine hawajatia kitu tumboni tangu mchana. Usiwatishe na sarufi. Waambie Kifaransa nacho kina ngeli, ila zake ni mbili tu, na sisi tumekulia kwenye ngeli chungu nzima bila kulia. Le ni ya kiume, la ni ya kike. Neno likianza na vokali, zote mbili zinapoteza mkia na kuwa l'. Watakuuliza kwa nini meza ni ya kike. Usiwape sababu, maana haipo. Nawe waulize: kwa nini gari ni langu na nyumba ni yangu? Nani alikaa akawafundisha? Basi kila neno walichukue na le yake au la yake, kama unavyonunua sufuria na mfuniko wake. Ukiondoka na sufuria tupu leo, kesho utazunguka soko zima ukitafuta mfuniko.

Mtazame sana yule tunayemwita Mama Pacha. Mume wake anafanya kazi huko kwenye nchi ya Kifaransa, na mwaka jana aliwachukua watoto wao pacha. Watoto hawadaiwi lugha. Mama anadaiwa mtihani kabla hajaruhusiwa kuwafuata, na mtihani ni mwezi wa sita. Halali vizuri yule. Ukimwona anasinzia, mwache kidogo kisha umwulize swali jepesi.

Shangazi yako


11 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua imefika, imekunjwa kama sambusa lakini inasomeka. Nashukuru kidonda kinapona.

Darasa nimelianza. Nasimama mapokezi ya hoteli tangu alfajiri nikiwatabasamia watu waliopoteza mabegi yao, halafu jioni nasimama tena mbele ya ubao wako. Usiku nikivua viatu miguu inanicheka.

Nilifanya ulivyosema. Meza ikawa la table, kiti la chaise, kitanda le lit. Dereva, yule wa malori, akanyoosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo ya kike yote ni la?" Nikamwambia ndiyo. Akasema: "Hilo nimelielewa siku nyingi. Mimi kila mwanamke niliyemwomba kitu alinijibu la." Darasa zima likavunjika mbavu, na ajabu ni kwamba baada ya hapo hakuna aliyekosea tena. Wakifika kwenye neno la kike wanamtazama Dereva kwa huruma.

Matamshi ndiyo yananishinda. Mama Pacha anasema la rue, barabara, kama la roue, gurudumu. Nikimuuliza anaishi wapi ananijibu anaishi gurudumu la tatu kushoto. Mimi mwenyewe sauti ile naitoa tu, ulinizoesha nikiwa mdogo, na sijui naitoaje. Nimfundishe vipi kitu nisichojua ninavyokifanya?

Mkuu wa chuo anakusalimia. Anauliza utarudi lini.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mkuu wa chuo nitarudi koo likipona.

Sauti ya rue haimo katika lugha yetu, kwa hiyo usimsubiri aisikie. Sikio halisikii lisichokijua. Mpe kazi mdomo. Mwambie aweke midomo kama anapuliza chai ya moto, aikaze hivyo hivyo isisogee, kisha aseme i. Yeye atadhani anasema i, wewe utasikia u yao. Midomo ikilegea tu, gurudumu limerudi.

Na r yao usiwaache waikungute kwa ncha ya ulimi. Ni jirani wa gh yetu, ile ya ghali na ghorofa. Wanayo tayari, waichukue kutoka ilipo.

Sauti za puani, le pain ya mkate, la main ya mkono, wanazimalizia kwenye ng' ya ng'ombe. Wakataze. Hewa ipite puani, mlango usifungwe.

Herufi za mwisho wa neno waziandike lakini wasizitamke. Ni kama wageni waliochelewa kwenye sherehe, wamekaa ila hawahudumiwi. Isipokuwa neno linalofuata likianza na vokali, hapo mmoja wao huamka: les enfants, watoto, s ya les inaamka na kuwa z. Hilo Mama Pacha alijue mapema. Ndilo neno atakalolihitaji kuliko yote.

Usiniulize habari za koo kila barua. Linapoa.

Shangazi yako


2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kukaa kimya. Kulikuwa na mambo. Darasa lipo, tunaendelea, Jumanne na Alhamisi kama kawaida.

Midomo ya kupuliza chai imefanya kazi kwa wote isipokuwa Mama Pacha. Anaweka midomo vizuri, kisha i ikitoka anaona aibu anailegeza. Anasema anajiona kama mtu anayetaka kumbusu mwalimu wake.

Juzi alinisubiri watu wote watoke. Akaniambia: "Mwalimu, mmoja wa wanangu amenipigia simu analia. Ananiambia sheper, mama, sheper. Nimeuliza kila mtu. Ni nini hiyo sheper?" Nikamwambia ni j'ai peur. Maana yake naogopa. Akafunga pochi yake, akasema, "Nilimjibu haya mwanangu, vizuri, endelea hivyo hivyo." Kisha akaenda zake.

Sikulala siku ile, Shangazi.

Nakuomba kitu kimoja. Najua hutakiwi kuongea sana, lakini jirekodi kwenye simu ya Baba maneno machache tu, rue, roue, dessus ya juu, dessous ya chini, nimsikilizishe. Sauti yako yeye anaiamini. Mimi ananiona binti wa mapokezi.

Mwanao


8 Aprili

Mwanangu,

Darasa si redio. Mwalimu anayesikika bila kuonekana anafundisha watu kusikia tu. Endelea na midomo.

Shangazi yako


15 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mistari mitatu. Nimeisoma kwenye benchi la stendi nikageuza karatasi nione kama kuna mingine nyuma.

Nimekupigia simu, najua ulinikataza. Baba anapokea na kila mara ananiambia umelala. Mtu halali mchana kutwa. Na Baba hajui kusema uongo, anavuta pumzi kwanza, tangu zamani.

Kama umenikasirikia kwa sababu nimesimama mahali pako, sema. Sikupaomba. Ulinitwika mzigo nikiwa nimeinama, sasa umekaa pembeni unatazama shingo yangu inavyopinda. Nilichoomba ni maneno manne, kwa ajili ya mwanamke ambaye mtoto wake analia kwa lugha asiyoielewa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hanyimwi sauti.

Nimechoka. Jana mgeni alinipa pasipoti yake nikamjibu bonsoir, ya jioni njema, saa tatu asubuhi.

Darasa lipo.

Mwanao


3 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, basi naanzia kwa Dereva.

Jana aliingia amechelewa, vumbi la safari bado liko kwenye kope zake. Hakusalimia. Alikaa, akavua kofia, akasema: "Nimempitia mwalimu wetu. Hana sauti." Nikamwambia anapumzisha koo, daktari amemkataza. Akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Hakukatazwa. Hana."

Nikawaambia watu wafungue ukurasa wowote, nikatoka nje.

Nisamehe ile barua. Ningekuwa na namna ya kulifuata lile basi nikaichomoa, ningelifuata. Nilidhani unanyamaza kwa hasira, kumbe ulikuwa unaninyamazia ili nisiogope. Maneno manne. Nilikuomba maneno manne kama mtu anayemwomba kiwete ampelekee mzigo mara moja tu.

Kwa nini hukuniambia?

Na mimi nina langu, na kwa jinsi ninavyomjua Dereva, huenda umeshalisikia. Mwishoni mwa Machi mkuu wa chuo alifunga darasa. Alisema bila wewe watu wamepungua na chumba kinatakiwa kwa masomo ya kompyuta. Alikuwa mpole, hata chai alinipa. Niliwaambia wanafunzi waende nyumbani, hawakwenda. Fundi cherehani, yule mama anayekaa dirishani, akasema karakana yake inafungwa jioni na ina taa. Tunafundishia huko. Tunakalia marobota ya vitambaa. Ubao wetu ni mlango wa kabati lake.

Sikukuambia kwa sababu nilidhani ukijua darasa halipo hutakuwa na sababu ya kupona.

Mwanao


3 Mei

Mwanangu,

Dereva wako alinifikia akiwa na gunia la viazi ambalo hakuna aliyemwagiza. Baba yako hakuwepo, kwa hiyo nilimfungulia mwenyewe. Akanisalimia, nikamwitikia. Akaniinamia akanitegea sikio, akidhani namwambia siri. Nikarudia. Akasogea tena. Mara ya tatu uso wake ukabadilika, nikajua ameelewa.

Yule mzee hajui la kufanya na huzuni. Akaanza kunieleza habari nyingine zote ili kujaza chumba, na katika kujaza akanimwagia kwamba chuo kimelifunga darasa na mnakaa kwa Fundi, mnaandika kwenye mlango wa kabati. Kisha akashika mdomo. Nimecheka, mwanangu. Kicheko changu siku hizi ni kama tairi linalopungua upepo, lakini nimecheka.

Basi tuambiane. Wakati wa kutoa tezi, mshipa unaoendesha sauti uliguswa. Daktari alisema tungoje, tukangoja. Mwezi uliopita alinichungulia kooni kwa kamera yake ndogo, na safari hii hakusema tungoje. Alisema itakayorudi, kama itarudi, itakuwa kidogo. Kwa sasa ninayo pumzi tu. Ukikaa karibu nami chumba kikiwa kimya, unanisikia.

Ulinilaumu, na ulikuwa na haki kwa ulichokuwa unakijua. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa sijajiambia. Maisha yangu yote nimesimama mbele ya watu na kutoa sauti. Watu wamesahau jina langu, lakini wananigeukia barabarani nikimwita muuza maji. Sasa nikiita, hageuki mtu. Nilitaka pawe na mahali pamoja duniani ambapo bado natarajiwa kusema, na mahali hapo pakawa wewe.

Nimekasirika kidogo kwa habari ya chuo. Zaidi nimekuonea huruma. Mlango wa kabati si ubao.

Shangazi yako


9 Mei

Mwanangu,

Barua zetu zilipishana njiani, na naona zilikuwa zinasema kitu kimoja.

Mtihani wa Mama Pacha umekaribia. Nakuja na basi la Jumamosi. Usimwambie mtu, nisije nikakuta wamenipangia viti kama msiba.

Shangazi yako


30 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Kanga zako bado ziko kwenye kamba, sijazitoa.

Majibu yametoka, na nilitaka uyapate kwangu kabla Dereva hajakufikia. Mama Pacha hakupita.

Kuongea amepita, tena vizuri. Zile wiki ulizokaa naye magoti kwa magoti, wewe ukiweka midomo na mimi nyuma yako nikitoa sauti, hazikupotea. Mtahini alimwuliza anaishi wapi akajibu rue bila kulegeza, na yeye mwenyewe anasema aliiona midomo yako mbele yake wakati anasema. Kilichomwangusha ni kusikiliza. Wanawawekea kinasa sauti, watu wanaongea mbio kama wamewasha jiko na kulisahau. Alisikia sauti zote, maana ikamkimbia.

Alikuja karakanani jioni ile ile ya majibu. Fundi akazima cherehani. Nikamwambia pole. Akasema: "Pole nimeshapewa na mlinzi wa getini. Wewe niambie yule mtu kwenye mashine alisema nini." Akanitamkia sentensi nzima kwa kuikariri, bila kujua hata neno moja: Votre rendez-vous est reporté à mardi. Nikaielewa papo hapo, Shangazi. Kila sauti mahali pake. Nikamwambia maana yake: miadi yako imesogezwa hadi Jumanne. Akaitafakari. Akasema, "Kweli hiyo." Akachukua kalamu.

Atarudia mtihani mwezi wa kumi na moja. Pacha bado hawajui. Mume wake anawaambia mama anakuja, anakuja, na yule mdogo, yule wa naogopa, ameacha kuuliza.

Sasa nikuambie na langu, maana tumekubaliana tusifichane. Wiki iliyopita nililala mapokezi, nimesimama, na kichwa kikagonga kengele ya mezani. Wageni walicheka, meneja hakucheka. Nimepewa onyo la maandishi. Wanafunzi wapya wawili wamekuja kwa Fundi wanataka kuanza tangu mwanzo, le na la na sufuria na mfuniko, na nilipowatazama nilitaka kulia. Siwachukii. Sina nguvu. Mwezi wa kumi na moja uko mbali sana kwangu, na siwezi kumwangalia Mama Pacha usoni nikamwambia hivyo.

Unishauri. Ukiniambia nivumilie, nitavumilia. Lakini nilitaka ujue.

Mwanao


9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sitakuambia uvumilie. Neno hilo nimelisema sana maishani na kila mara alikuwa mtu mwingine anayebeba.

Mama Pacha hakuanguka, mwambie. Mtu anayeweza kubeba sentensi asiyoielewa kutoka chumba cha mtihani hadi karakanani bila kumwaga hata sauti moja, amebakiza maana tu, na maana ndiyo rahisi.

Sasa nikueleze habari za hapa. Baba yako ni mtu mwema. Mkewe ni mtu mwema. Lakini kwa kuwa mimi nanong'ona, wote siku hizi wananong'ona. Hakuna aliyewaagiza. Mezani tunaombana chumvi kama wezi. Juzi mjukuu wa jirani aliangusha sinia jikoni, na kabla halijatulia sakafuni watu wanne wakaweka vidole midomoni kumnyamazisha kwa ajili yangu. Mtoto akalia bila sauti. Nikaenda chumbani nikakaa kitandani, nikawaza: hivi ndivyo wanavyonizika, kwa upole.

Zile wiki nilizokaa kwenu, kwa Fundi watu walikuwa wanapiga kelele. Dereva alikuwa anasema le pain kama anaita ng'ombe wa jirani. Mama Pacha alikosea mara ngapi sijui, kwa sauti kubwa. Mimi nilikaa katikati nikasahau kabisa kwamba sisemi. Nataka kukaa mahali watu wanapokosea kwa sauti.

Kwa hiyo nimeamua, na Baba yako ameshavuta pumzi yake, ameshakubali. Nakuja kukaa. Darasa nalichukua tena. Yale ya kuandika nitaandika mlangoni mwa kabati, yale ya midomo nitaonyesha mwenyewe. Ya kutoa sauti atayatoa Mama Pacha. Wale wapya wawili watafundishwa na mdomo wangu na koo lake. Mtu akisema neno kwa niaba ya mwenzake hulitafutia maana hata asipotaka, maana ataulizwa. Mpaka mwezi wa kumi na moja atakuwa amewafundisha watu wawili, na kile kinasa sauti chao kitamkuta na mengi. Nimeshamwandikia. Amejibu oui, ndiyo, kwa herufi kubwa.

Wewe Jumanne na Alhamisi, ukitoka hotelini, nenda nyumbani ukalale. Usipite kwa Fundi, hata kuchungulia. Nikikuona mlangoni nitakufukuza, na kwa kuwa sina sauti, Mama Pacha atakufukuza kwa niaba yangu, kwa Kifaransa.

Shangazi yako